Ile Picha ya Teksi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa.

Naandika kwa sababu nikipiga simu utanikata kauli kama kawaida yako, halafu Mama atakunyang'anya simu tuishie kwenye habari za mbuzi. Leo nisikilize mpaka mwisho.

Habari ninazo. Shangazi kaiona ile picha ya teksi niliyopanda usiku wa kurudi huku Dubai, kamwonyesha Mama Zuhura, Mama Zuhura kaitupa kwenye grupu la ukoo. Na wewe, mkubwa wetu, ukaandika chini yake: "Mwenye kupanda teksi ya paa la pinki hakosi hela ya mabati." Watu kumi na wanne wakacheka. Niliwahesabu.

Sasa ngoja nikupe hesabu nyingine, maana hesabu unazipenda sana zikiwa za wenzio.

Ndege ilitua saa nane usiku. Metro, treni ya mjini, ipo pale pale uwanjani, ile laini nyekundu inayopita Terminali 1 na 3, lakini saa hizo imeshafungwa. Hata ingekuwa wazi, sheria yao ni masanduku mawili kwa abiria, moja kubwa moja dogo. Mimi nilikuwa na masanduku mawili na boksi la Mama lililofungwa kamba kama mateka. Na isitoshe metro haifiki kwetu International City. Wanajenga laini ya bluu itakayofika, wanasema mwaka 2029. Mimi wakati huo nitakuwa nimesharudi nyumbani, utaona.

Kwa hiyo nikatoka nje kwenye foleni ya teksi. Pale hakuna kuvutana mikoba wala kupatana bei. Kuna mtu anakuelekeza gari, unakwenda. Za paa la pinki zinaendeshwa na wanawake, kwa ajili ya wanawake na familia. Usiku ule, peke yangu na mizigo, ulitaka nichague ipi? Hilo Shangazi hakuliuliza. Yeye aliona rangi tu.

Mita ikaanza na 25. Gari halijatikisika, dirhamu 25! Ukisimamisha teksi barabarani mchana inaanza na 5, ila ukiitoa uwanja wa ndege ndiyo hivyo, na ndiyo bei ya serikali, imeandikwa, hakuna wa kumlalamikia. Baada ya hapo inapanda kidogo kidogo, kama dirhamu mbili kila kilomita. Na gari likisimama kwenye taa, mita haisimami nalo. Tulikuta taa nyekundu moja, barabara tupu, hakuna gari wala paka, nami nimekodoa macho kwenye zile namba kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Tulipofika zilisoma 59. Nikatoa noti ya mia, nikarudishiwa chenji yangu yote na risiti ikachapwa.

Nataka hapo uelewe, kaka. Mwaka 2019 nilipokuja mara ya kwanza nilipokelewa na gari la wakala. Tulijazwa wasichana tisa, pasipoti zikakusanywa kabla hatujatoka kwenye maegesho, na mwisho wa mwezi nauli ya gari lile ikakatwa kwenye mshahara wangu. Kiasi gani, sikuambiwa. Yalipita, tuyaache. Lakini safari hii niliketi nyuma peke yangu, pasipoti ndani ya mkoba wangu, na kila senti niliyodaiwa ikiandikwa mbele ya macho yangu. Ndiyo maana nilipiga ile picha. Sikuwa nawarushia ninyi. Nilimtumia Zuhura peke yake, na huyo mtoto nitazungumza naye.

Halafu nikuambie na hili, usimwambie mtu. Dereva alikuwa mama wa makamo, umri wa Mama Mdogo hivi. Aliuliza mtaa, nikasema England, kwa sababu huku kwetu majumba yamepewa majina ya nchi: kuna China, kuna Morocco, kuna France. (Msije mkawatangazia majirani kwamba nimehamia Uingereza. Nakujua.) Baada ya hapo hakusema neno lingine. Hakuniuliza natoka wapi, mtoto wa nani, nimewaachaje nyumbani. Kilomita kumi na tano, taa za barabarani zinapita tu. Mimi niliyekuwa nimelala kitanda kimoja na Mama siku ishirini na moja, nikajikuta nalisemesha boksi.

Asubuhi yake saa kumi na mbili nilikuwa kazini. Wasichana kumi na moja wako chini yangu sasa, nadhani hilo nililisema kwenye grupu. Hakuna aliyejibu.

Hela ya mabati nimetuma jana. Siyo yote, ya mabati ishirini, mengine mwezi ujao. Chukua mwenyewe, umlipe fundi mkononi. Usimpe Bakari. Ya saruji unayakumbuka.

Boksi la Mama lilifika salama ila kamba ilikatika mlangoni kwangu, vitu vikatawanyika ngazi nzima, nikaviokota saa tisa usiku. Mwambie safari ijayo afunge kwa ile ya katani, hii ya plastiki haifai. Mwambie pia dawa ya miguu aipake usiku, siyo akikumbuka.

Risiti ya teksi nimeipiga picha, iko hapo chini. Mpelekee Shangazi. Na ukiwa na moyo, iweke kwenye grupu.

Mdogo wako