Motokari ya zamani haiogopi mwendo, inaogopa foleni ya Kasumbalesa

Kila mwaka mvua zikikatika, wateja wa gereji yetu hapa Lubumbashi wanaanza swali lile lile: je, motokari yangu ya zamani itafika Ndola, Zambia, na kurudi? Wanaouliza ni wenye Alfa Romeo Spider, wenye Peugeot 504 coupé, wenye MGB zilizobaki toka enzi za wazee. Kwa mwendo, itafika. Kutoka hapa hadi mpakani Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi, na ukishavuka, Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola zinafuatana kwenye njia moja. Kwenda peke yake hakufiki kilomita 300. Injini iliyotunzwa inaifurahia safari ya namna hiyo kuliko kuzungushwa mjini kila Jumapili.

Kinachoziangusha ni kusimama. Kasumbalesa ndiyo mlango wa shaba yetu, na makamyo hujipanga pale kwa urefu unaochosha macho. Motokari ndogo zinapita pembeni, lakini inatosha kamyo moja lijaribu kuruka mstari, na ninyi nyote mmekwama juani huku injini zinanguruma.

Sasa tazama chini ya boneti. Feni ya motokari nyingi za miaka ya 60 na 70 inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Ukikimbia, upepo wa barabarani unaisaidia. Ukisimama, injini inazunguka polepole, feni nayo polepole, na upepo hakuna. Isitoshe, sisi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ambako maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ndani ya rejeta, kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na kifuniko. Springi ya kifuniko ikichoka, presha inatoroka, na maji yanatoka kwa mvuke kabla hujafika kwenye dirisha la forodha. Wateja wanakuja wakitaka rejeta mpya. Mara nyingi tunawauzia kifuniko tu, na wengine wanaondoka na mashaka kwa sababu bei ilikuwa ndogo mno!

Wengi wanaomba pia feni ya umeme. Ni kitu kizuri, lakini usiifunge kabla ya kuangalia umeme unatoka wapi. MGB zilianza kutengenezwa mwaka 1962, na zile za kwanza zinazalisha umeme kwa dinamo, si alteneta. Dinamo injini ikiwa imetulia karibu haitoi kitu. Kwa hiyo feni inakula betri saa nzima kwenye foleni, maji yanabaki poa kabisa, halafu unazima ili ukagongewe muhuri, unarudi, ufunguo unagoma. Kwa motokari kama hizo tunaanza na alteneta, ndipo tunafunga feni.

Ugonjwa wa pili unawadanganya hata mafundi. Motokari inazimika, stata inazunguka vizuri, buji (plagi) zinatoa cheche, lakini haiwaki. Baada ya nusu saa inawaka yenyewe kama haikuwa na kitu. Hapo esansi (petroli) ilikuwa inachemka. Kwenye Alfa za kabureta (kifaa cha kuchanganya esansi na hewa) pampu ya esansi imefungwa kwenye ubavu wa injini, inaungua pamoja nayo; mvuke ukijaa ndani, pampu inasukuma hewa tupu. MGB ina nafuu, kwani pampu yake ni ya umeme na iko nyuma, lakini kabureta zake mbili zinakaa juu ya bomba la moshi. Kati yao kiwandani waliweka bamba la kukinga joto, na kwenye motokari nyingi tunazopokea bamba hilo halipo. Fundi fulani alilitoa akaona halina kazi. Sisi tunalitengeneza upya, tunasogeza mipira ya esansi mbali na joto, na tunamwambia mwenye motokari abebe kitambaa na chupa ya maji. Kitambaa kibichi juu ya pampu ni dawa ya wazee, na bado inaponya.

Mwezi wa sita na wa saba hali ya hewa inakusaidia. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, tunashauri uiache nyumbani. Kuna mteja atakayebisha, na tutamwandalia hata hivyo, lakini tumeshasema.

Ukivuka, upande wa barabara unabadilika: Congo tunapita kuume, Zambia wanapita kushoto. Volani yako iko kushoto na kiti chako kiko chini, karibu na lami. Nyuma ya kamyo huoni chochote. Anayekaa kiti cha pili ndiye atakuwa macho yako, na kama ni mtu wa kusinzia, mwache. Taa nazo zimeelekezwa kwa barabara ya kuume, kwa hiyo zinawapiga usoni wanaokuja mbele. Tunabandika tepu nyeusi kwenye kioo cha taa, na ukirudi unaibandua. Zaidi ya hapo, usitembee usiku.

Kuhusu karatasi, mambo ya pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu anayajua. Bima ni Kadi ya Manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), na upande wa Zambia utalipia kibali cha kuingiza motokari kwa muda pamoja na kodi ya kaboni. Kama motokari ni ya papa yako, beba barua yake ya ruhusa. Beba pembetatu za onyo, na ubandike vibandiko vya kung'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Ndiyo, tunajua vinaharibu sura ya bampa la kromu. Linalosumbua kweli motokari za zamani ni namba. Injini ilishabadilishwa zamani, kibati cha shasi kilipakwa rangi mara tatu, na afisa anataka kusoma namba ilingane na kadi ya motokari. Ije kwetu kwanza tuisafishe isomeke. Na kama namba ya injini imetofautiana na kadi, hilo linarekebishwa hapa Lubumbashi wiki kadhaa kabla, si dirishani.

Wanaouliza waende kuona nini tunawaambia Ndola. Nje ya mji, upande wa barabara ya Kitwe, kuna ukumbusho wa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekufa pale ndege yake ilipoanguka usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, akienda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Kwa mtu wa Katanga, hapo si ugenini. Chimfunshi, kwenye hifadhi ya sokwe, hatukushauri kwa motokari ya chini: lami inaisha kabla hujafika.

Ukaguzi wa safari tunaufanya mwanzo wa wiki. Tunaiacha injini iwake imesimama saa nzima uani, boneti imefungwa, saa sita mchana, na wewe unaweza kukaa uangalie mshale wa joto. Tafadhali msilete motokari Ijumaa jioni kwa safari ya Jumamosi asubuhi. Kipuri cha Spider hakipatikani mtaani Kamalondo usiku.