Barua ya Wazi kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii: Tarehe ya Malipo ya Inua Jamii

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza kwa pesa taslimu, ambazo wakati wa bajeti huzungumziwa kana kwamba ni sadaka kwa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu, ilhali katika masoko mengi ya vijijini ni sehemu ya mtaji unaozungusha biashara.

Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi hazilazi. Kwanza hupunguza deni la unga na sukari dukani, humlipa kijana wa bodaboda aliyempeleka zahanati, na msimu wa kupanda ukifika hutafuta kibarua wa kumlimia, kwa kuwa mgongo wake haumruhusu tena kushika jembe. Mwenye duka naye huagiza mzigo mwingine. Hizo ni ajira, ingawa hakuna anayekata utepe kuzizindua.

Jambo hili limepimwa humu humu nchini. Huko Siaya, shirika la hisani la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya katika kaya zaidi ya 10,000, na watafiti wakabaini kwamba kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo hilo kwa takriban dola mbili na nusu, kwamba majirani wasiopewa chochote walinufaika pia, na kwamba bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Sidai kwamba shilingi 2,000 zitazaa kwa kiwango hicho hicho, lakini wanaohofia mfumuko wa bei wana jibu lao hapo.

Kinachotuangusha ni tarehe. Malipo yanapochelewa kwa miezi, kisha malimbikizo yakaja kwa mkupuo, mwenye duka huwa ameshakataa kukopesha na kupunguza bidhaa anazoagiza, naye kibarua amekosa kazi katika wiki zile zile ambazo mvua ilikuwa imenyesha. Kiwango chenyewe, ambacho hakijabadilika kwa zaidi ya mwongo mmoja, kinastahili kuangaliwa upya. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua, nitachagua kwanza siku inayojulikana.

Kwa hiyo naiomba wizara yako itangaze kalenda ya malipo ya mwaka mzima wa fedha, iibandike katika kila ofisi ya chifu, na ikubaliane na Hazina ya Kitaifa kwamba fedha hizi zitatolewa kwa uzito ule ule unaopewa mishahara ya watumishi wa umma.

Wako mwaminifu,
Mwananchi mlipa kodi