Kibahasha cha diklofenaki kiandikwe miligramu

Mhariri,

Mgonjwa wa magoti akiingia duka la dawa hapa Uganda, mara nyingi hutoka na vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, vilivyokatwa kwa mkasi na kutiwa katika kibahasha kilichoandikwa "1x3" tu, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kipande chenye jina la dawa na tarehe ya kuisha kimebaki dukani. Hilo ni jambo la hatari.

Diklofenaki ya kumeza iko ya miligramu 50, na iko ya miligramu 100 inayotoa dawa polepole. Ukomo wa mtu mzima ni miligramu 150 kwa siku. Kwa vidonge vya 50, "1x3" humfikisha hapo hapo. Vikiwa vya 100, maandishi yale yale humpa 300, maradufu ya ukomo! Hicho cha 100 ni kimoja kwa siku, tena kimezwe kizima, maana kikivunjwa dawa hutoka yote kwa mkupuo. Tunawasihi wauzaji waandike jina, miligramu, na idadi ya siku. NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, nayo isimamie hilo.

Wengi huamini kwamba ukishiba, tumbo liko salama. Sivyo. Dawa hii hutuliza uvimbe kwa kuuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo. Madhara hupitia kwenye damu, kwa hiyo hata sindano yake huweza kuleta vidonda. Mzee, au aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, asiuziwe kabla ya kuonwa na daktari. Choo kikiwa cheusi kama lami, aache dawa na aende hospitali siku hiyo hiyo. Kuongeza ibuprofeni, ambayo ni dawa ya jamii hiyo hiyo, juu yake huzidisha madhara tu. Afadhali parasetamoli, mradi haimo tayari ndani ya kidonge hicho.

Wanaotutia hofu zaidi ni wagonjwa wa presha. Diklofenaki hubakiza chumvi na maji mwilini, presha ikapanda. Anayetumia dawa za presha kama enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojosha, akaongeza hii, figo zake zinaweza kushindwa kazi. Swali moja la muuzaji, "Unameza dawa gani nyingine?", lingewaokoa wengi. Mjamzito naye aulizwe. Kuanzia wiki ya 20 asiitumie bila daktari.

Kama ni goti tu linalouma, ulizia kwanza jeli ya diklofenaki ya kupaka. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Wafamasia, Mbale