Barua kwa mwanangu: siku nilizokaa kiti cha nyuma

Tengeru, Jumapili jioni

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Uliponiuliza kwenye simu Misri kulikuwaje, nikakujibu "kuzuri tu", kama mtu aliyetumwa sukari dukani akarudi. Usinune. Mambo mengine kwa simu hayasemeki, na mama yako ameniambia kwamba wiki ijayo unakabidhiwa wageni wako wa kwanza wa kuwatembeza. Ndiyo maana nimekaa barazani na kalamu.

Ninyi watoto mlichangishana ili wazee wenu wakaone mahekalu ya Luxor, tena si kwa kubanana kwenye basi la watalii hamsini, bali kwa gari letu peke yetu, na dereva wetu na mwongozaji wetu. Mimi nimeendesha wageni miaka 31, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, na kiti cha nyuma cha gari la utalii nilikuwa nakijua kwa kukipangusa vumbi tu. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja na nusu, gari likawa mlangoni mwa hoteli. Dereva kashuka kutusalimu. Mimi, bila hata kuwaza, nikazunguka upande wa kulia, nikafungua mlango wa mbele, nikaketi, mikono ikaenda kutafuta usukani. Haupo! Kule usukani uko kushoto. Yule dereva alinitazama nilivyoshika hewa, akaelewa palepale mimi ni nani, akacheka mpaka akajishika kiuno. Ni mtu mzima mwenye masharubu meupe, wenzake wanamwita Haji, ila wao hulitamka "hagg". Tangu hapo tukawa ndugu, ingawa maneno tuliyoelewana hayakuzidi kumi. Sukari ilikuwa mojawapo.

Mwongozaji alikuwa msichana, kwa kukadiria kakupita miaka miwili mitatu. Leseni shingoni, hijabu ya bluu, raba za kutembelea. Anazungumza Kiingereza, na mama yako unamjua, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi, na humo ndimo nilimojifunza. Ukitafsiri maneno ya mwenzako unaona lipi limebeba kitu na lipi ni pumba. Yule binti pumba hakuwa nazo.

Hekalu la Karnak tulifika geti linafunguliwa, saa kumi na mbili, kama sisi tunavyowahi kushuka kreta ya Ngorongoro kabla magari hayajajaa. Nilidhani atatupeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wa nguzo, maana ndio uko kwenye kila picha. Hapana. Tulipopita lango kubwa la kwanza alitugeuza tuangalie nyuma yake. Pale chini, ukutani, kuna rundo la matofali ya udongo, limemomonyoka kama kichuguu kilichonyeshewa. Akamwambia mama yako: shika hapa kwa macho, usiguse kwa mkono, hiki ndicho kilichobaki cha jukwaa la mafundi. Walikuwa wakipanga safu ya mawe, wanajaza matofali na udongo hadi usawa wake, wanakokota mawe mengine juu ya mteremko ule, wanapanga tena, mpaka kileleni. Kisha hushuka wakiondoa udongo huku wakisawazisha na kuchonga ukuta, toka juu kuja chini. Lango hilo, la karne ya 4 KK, halikumalizwa, ndiyo maana udongo haukuzolewa wote. Mama yako aliinama, akaona vipande vya majani makavu ndani ya tofali, akasema, "Si haya haya tuliyofyatua tukajengea jiko?" Nikatafsiri. Binti akafurahi kuliko siku yote ile.

Ndipo tukaingia kwenye nguzo. Ziko 134. Zile 12 za katikati zina kimo cha kama mita 21. Ukumbi ulianzishwa na Firauni Seti wa Kwanza na mwanawe Ramesses wa Pili akamaliza. Hayo aliyasema mara moja, tukiwa bado nje. Akaongeza, "Mkiwa ndani tazameni juu, chini ya mihimili, rangi bado ipo." Kisha akanyamaza! Akasimama pembeni na chupa yake ya maji, akatuacha. Sisi tukatangatanga humo kama kuku waliofunguliwa, tunainua shingo, tunaona bluu na nyekundu kule juu ambako jua na mikono ya watu haikufika. Kwa dakika kama kumi hakuna aliyesema neno. Mwanangu, mimi katika miaka 31 sikuwahi kunyamaza dakika kumi mbele ya mgeni aliyenilipa. Simba kalala, mimi naeleza uzito wake, meno yake, mimba yake siku ngapi. Wageni wale walikuwa wanaitikia kwa kichwa, nami nikidhani ni shukrani.

Kesho yake tulivuka mto kwa boti, gari likazungukia darajani. Mama yako, kama mzaliwa wa Mwanza, akatumbukiza mkono majini, akatangaza kwamba haya ni maji ya kwao, yamepita Jinja yakateremka hadi hapa. Binti akamjibu kwa adabu: ni kweli, mama, lakini maji mengi ya Nile, kama asilimia 85, hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na mafuriko yaliyowaletea wakulima wa Misri rutuba yalikuwa ya huko. Mama yako akakausha mkono kwenye kanga. "Basi hiyo 15 ni yangu."

Kwenye Bonde la Wafalme sitakaa sana. Makaburi ni mazuri kupita maelezo, ila joto na foleni! Jambo moja tu likufae: waongozaji hawaruhusiwi kueleza wakiwa ndani ya makaburi. Basi huwaketisha wageni nje kivulini, wanaeleza kwa picha, halafu mgeni anaingia na macho yake. Nilitamani tungekuwa na sheria ya namna hiyo kwenye vituo vya kutazamia viboko.

Hekalu la Hatshepsut ndilo lililoniteka. Limejengwa kwa matabaka chini ya jabali, linaonekana kama limetoka humo humo. Yule alikuwa mwanamke aliyetawala kama firauni, karne ya 15 KK, na kwenye ukuta mmoja alichonga safari ya merikebu zake kwenda nchi ya Punt. Unaona nyumba zimesimama juu ya nguzo, na ngazi za kupandia. Unaona miti ya ubani imeng'olewa na mizizi yake, imetiwa vikapuni, watu wameichukua kwa miti mabegani. Unaona nyani. Unaona mkuu wa nchi hiyo, Parahu, na mkewe Ati aliyejazia, mapaja na mikono mikunjo mitupu, na kando kuna punda mdogo ambaye maandishi yanasema ndiye humbeba mama huyo. (Kile kipande chenyewe cha Ati kiko makumbusho ya Cairo, pale ukutani wameweka nakala. Binti alituambia kabla hatujauliza.) Mama yako alimwonea huruma punda, nami nikauliza, hiyo Punt ndiyo kwetu?

Angeweza kusema ndiyo. Mgeni katoka Tanzania, kalipa, anataka kusikia ndiyo, yangemgharimu nini? Akasema wataalamu bado wanabishana. Wengi wanaiweka upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia, na hata nyani waliokaushwa walioletwa Misri zamani walipopimwa, vipimo vilielekea huko huko. Arusha haimo. Nikajisikia mdogo, si kwa sababu ya Arusha. Nilikumbuka mzee mmoja niliyempeleka Tarangire, akaniuliza mbuyu ule una umri gani. Nikamwambia miaka elfu tatu, uso mkavu, wala sikupepesa. Akaandika kwenye daftari lake. Sijui mtoto gani wa wapi amesomewa mbuyu wangu wa elfu tatu.

Sasa nikueleze la chakula. Mchana tulipelekwa hotelini pa watalii, na Haji akabaki garini kafungua milango, anajipepea na kipande cha boksi. Nilimwona kupitia dirishani. Ile ni sura yangu, nimeivaa maelfu ya mara, lanchi boksi mapajani na redio koli ikikoroma. Nikaenda kumwita. Akakataa. Nikarudi, akakataa tena, mkono kifuani. Mara ya tatu akaja, na tulipokaa wote wanne yeye ndiye aliyeagiza: maharage yale wanayoita ful, na mkate. Mkate wao wanauita aish, maana yake maisha. Nikamwambia na sisi tunasema kuishi. Akamega mkate wake, nusu akaniwekea kwenye sahani.

La duka nalo usilisahau. Kwenye ratiba yetu kampuni, ambayo siitaji, iliandika "kuwatembelea mafundi wa mawe". Kufika, mafundi watatu wanagonga vijiwe mlangoni dakika tano, kisha ndani ni duka kubwa, milango imefungwa nyuma yetu, chai imeletwa, bei zinaruka juu. Binti wa watu alikuwa anatazama raba zake. Niliijua hiyo shingo iliyoinama, ni ya mtu anayesubiri kamisheni asiyoitaka lakini kodi ya nyumba inaitaka. Na sisi tuna letu, duka la vinyago lenye vyoo safi, na vyoo safi ndiyo hoja. Nilikuwa nikisimamisha gari pale nasema, "Wageni, kidogo tuchimbe dawa," nao wanatoka na twiga wa mti wa dola mia. Nilinunua paka mdogo wa jiwe kwa bei ya kijinga. Yupo juu ya televisheni, utamwona.

Mchana wa mwisho kulikuwa na Medinet Habu, hekalu la Ramesses wa Tatu, halina watu wengi na ni la kukaa kivulini. Mama yako akaniambia nimuulize binti: hawa waliochonga, nani aliwalipa, na walikula nini? Siku tatu nzima mimi sikuuliza hilo. Binti akavuta kijiwe, akakaa. Mafundi waliochonga makaburi ya wafalme waliishi kijiji chao, Deir el-Medina, si mbali na pale. Mshahara wao ulikuwa nafaka, ngano ya mkate na shayiri ya pombe. Mwaka wa 29 wa utawala wa huyo huyo Ramesses nafaka ikachelewa. Wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu, wakasema ni njaa na kiu vilivyowaleta. Mwandishi mmoja akayaandika yote kwenye karatasi ya mafunjo, na karatasi hiyo ipo mpaka leo Turin, Italia. Ndio mgomo wa zamani kuliko wote ulioandikwa.

Nilimtafsiria mama yako, naye akanitazama. Alikumbuka masika ile kampuni haikulipa miezi miwili, wewe ukiwa darasa la tatu, na mimi nikakaa kimya nikiosha magari. Hakusema kitu. Aliuliza tu kama walilipwa. Nikauliza. Walilipwa, lakini wakaja kugoma tena.

Jioni tuliagana hekalu la Luxor, lililo katikati ya mji. Mbele palikuwa na minara miwili, kila mmoja wa jiwe moja zima, na mmoja wao ulisimamishwa Paris mwaka 1836. Lakini binti alitupeleka uani, akatuonyesha mlango uliotundikwa ukutani, juu kabisa, hauna ngazi. Ni mlango wa msikiti wa Abu Haggag. Msikiti ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa, na pale juu mlangoni ndipo ardhi ilipokuwa, watu wanaingia kwa miguu. Baadaye udongo ukachimbwa, mlango ukabaki angani. Adhana ya magharibi ikaanza humo humo. Haji akatupungia mkono, akazunguka nje kuingilia upande unaotumika sasa, nasi tukamsubiri kwenye vivuli vya sanamu za Ramesses.

Bakshishi ndiyo iliyonishinda. Miaka yote hiyo nimepokea, sijawahi kutoa. Niliweka bahasha mbili, nikazihesabu mara nne chooni, nikaogopa kidogo na nikaogopa nyingi. Haji alipokea kwa mkono wa salamu, hakuitazama, akaitia mfukoni papo hapo. Kisha akanipa funguo, akanionyesha upande wa kushoto. Nikaizungusha gari eneo la maegesho ya hoteli mara moja, gia mkono wa kulia, kila nikitaka kufungua dirisha ninakutana nayo. Yeye amekaa nyuma na mama yako, wanacheka.

Picha mama yako kapiga mia nne. Nimezihesabu: nguzo ni kama ishirini, punda wa Punt mmoja, haonekani vizuri. Zilizobaki zote ni paka waliolala kwenye miguu ya wafalme. Ukija Jumamosi atakuonyesha zote, na hutaondoka mpaka ziishe, kwa hiyo njoo umekula.

Baba yako