Mcheri hauamiwi kwa ulimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niijibu makala ya kilimo ya mwezi uliopita, ile iliyotufundisha sisi tulio ughaibuni namna ya kutunza micheri uani. Ya mbolea na kupogolea nayakubali. Nilipofika kwenye aya ya kufukuza ndege nikakunja uso: tundika CD, simamisha sanamu ya bundi, na wakizidi, paka ulimbo matawini.

Mimi nimelelewa kwenye mpunga, Kilombero. Nimeshinda dunguni na kombeo, nimepiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, kwa hiyo ndege waharibifu sikuwasoma vitabuni. Siku hizi naishi karibu na Traverse City, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Michigan, Marekani, ambako Ziwa Michigan hupunguza makali ya baridi na cheri imestawi kuliko zao lolote la matunda. Nyuma ya nyumba nina micheri sita: minne ya Montmorency, ile chachu ya kupikia, na miwili ya cheri tamu.

CD nilizitundika mwaka wa kwanza. Zilifanya kazi siku tatu. Siku ya nne nilimkuta robini, ndege wa huku mwenye kifua chekundu, amesimama juu ya kichwa cha bundi wa plastiki, anapangusa mdomo. Ndipo nilipoelewa kosa langu. Kwelea kwelea ni msafiri; ukipiga kelele za kutosha, kundi zima linahamia kwa jirani (na jirani naye anakurudishia). Robini, msimu wa cheri, ni mkazi. Amejenga kwenye upenu wako, anachimbua minyoo katika majani yako tangu theluji iyeyuke, anakujua kwa sura. Kitisho kisichohama wala kumdhuru mtu atakizoea kabla cheri hazijaiva.

Ulimbo ndio ulionisukuma kushika kalamu. Hapa Marekani robini analindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Kumuua au hata kumnasa bila kibali ni kosa. Kwezi wa Ulaya, aliyeletwa na kuachiliwa New York mwaka 1890 na sasa amejaa kila mahali, hana kinga hiyo. Lakini ulimbo haumuulizi ndege kabila lake. Msomaji atakayefuata ushauri ule anaweza kujikuta anajieleza mbele ya askari wa wanyamapori, tena kwa sababu ya bakuli mbili za matunda.

Kinachofaa ni wavu, na wavu hauanzi siku ya kununua wavu. Unaanza siku ya kuchagua mche. Cheri tamu iliyobebeshwa kwenye shina refu la kienyeji itapanda mita kumi, na hakuna mtu wa kuufunika mti huo isipokuwa mwenye winchi. Omba uliobebeshwa kwenye Gisela 5, shina fupi lililozalishwa Giessen, Ujerumani. Mti unabaki karibu nusu ya ule mkubwa, nawe unaufikia kwa ngazi ya kawaida. Mimi sikujua. Miwili yangu ya cheri tamu ni mirefu, na matunda ya juu nimewasamehe ndege.

Usifunike wakati wa maua, nyuki watakosa njia. Subiri cheri zianze kugeuka rangi. Usiutupe wavu juu ya matawi kama shuka, kwa maana ndege atadonoa kwa nje, na mwingine atanasa mguu afie humo, hata nyoka hunasa. Simamisha fremu, uvute wavu ukaze, uufunge mpaka chini kabisa. Robini hutembea kwa miguu. Mwanya wa chini ndio mlango wake. Ukimaliza kuchuma, uvue siku hiyo hiyo.

Wenye mashamba makubwa wana njia nyingine, nayo inanifurahisha kuliko zote. Huweka masanduku ya kutagia juu ya nguzo ili avutwe kozi mdogo wa Marekani, ndege mwindaji asiyezidi tetere kwa ukubwa. Yeye hali cheri. Anakula panzi, panya na ndege wadogo, na ndege wanaokula matunda wakimwona wanahama wenyewe. Watafiti wa Michigan State University walikadiria mwaka 2018 kwamba kila dola 1 iliyowekwa kwenye masanduku hayo huokoa cheri tamu za dola 84 hadi 357. Ila kozi anataka uwanda wa wazi. Kwa micheri sita iliyobanwa na nyumba, mimi nimemsubiri miaka miwili, sanduku limekaliwa na kwezi.

Ndugu wa Muheza walioniandikia niwatumie miche, nawaomba radhi. Cheri tamu nyingi hutaka saa 700 hadi 1,200 za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo zichanue vizuri, na Muheza haina baridi hiyo. Wenye mapichi na plamu kule Lushoto, wanaosumbuliwa na kuzumburu na shore, wavu wa namna hii utawafaa bila kubadilisha kitu.

Mhariri, cheri huku huiva Julai. Nakuomba aya ile ya ulimbo isahihishwe kabla ya hapo.

Msomaji wako,
Traverse City, Michigan