Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Jiolojia kwa Mgeni Rasmi: Nyufa, Setilaiti na Pegmatiti za Hombolo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Walimu wetu,
Wazee wetu wa Hombolo mliopanda basi alfajiri kuja kutusikiliza,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Mbukwenyi!

Kwa niaba ya wanachama wa klabu yetu nakukaribisha ukumbini. Kukukaribisha Dodoma kungekuwa utani, maana makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania yako hapa hapa mjini, na ninyi wataalamu wa miamba ndio wenyeji kuliko sisi tuliokuja kusoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ramani uliyoipita mlangoni, ile yenye mistari mingi ya kijivu na michache myekundu, ndiyo kazi yetu ya mwaka huu. Swali letu lilikuwa moja: tukizisoma nyufa za miamba kwa picha za setilaiti, tunaweza kukisia pegmatiti zenye madini adimu zimekaa wapi? Tulichagua Hombolo kwa sababu pegmatiti zenye lithi, metali ya kutengenezea betri, zinajulikana huko tangu zamani. Hatukwenda kugundua chochote. Mwanafunzi anayejifunza kuhesabu hupewa kwanza hesabu ambayo mwalimu anayo majibu yake.

Kwa wageni wetu wasio wa fani hii, niseme kidogo. Graniti inapopoa chini ya ardhi haigandi yote kwa mara moja. Madini ya kawaida hutangulia, na kinachobakia ni uji wa moto wenye maji mengi, uliobeba elementi zilizokosa nafasi kwenye fuwele za mwanzo: lithi, berili, tantali, niobi, sesi, bati. Uji huo ni mwepesi, unapenya. Ukipata upenyo unaganda humo na kutoa mwamba wa fuwele kubwa ajabu, ulanga wa upana wa kiganja, feldispa nene kama tofali. Mwamba huo ndio pegmatiti.

Sasa, upenyo unatoka wapi? Hapo ndipo zinapoingia nyufa. Ufa tunaousema si kama ule wa ukutani. Ni mahali ambapo pande mbili za mwamba zimesogea, wakati mwingine kwa kilomita nyingi. Tulipoanza, wengi wetu tulidhani kazi ni rahisi: tafuta ufa mkubwa, chimba. Mwalimu wetu alicheka. Ufa mkubwa ni kama barabara kuu, alituambia. Magari hupita, lakini watu hawajengi katikati ya lami, hujenga vichochoroni. Ndani ya ufa mkubwa mwamba umesagika na kubanwa. Uji hukaa pembeni, kwenye matawi ya ufa, kwenye kona ambapo ufa umepinda na mwamba ukaachia nafasi, au pale nyufa mbili zinapokutana. Umbali kutoka kwenye graniti nao una neno lake. Huko Gatumba, Rwanda, pegmatiti zimejipanga kwa kanda kuizunguka graniti: zilizo karibu ni za kawaida tu, na utajiri wa madini adimu unaonekana kadiri unavyosogea mbali. Kwa hiyo ufa bila graniti mama ni njia isiyo na msafiri.

Vifaa vyetu, Mheshimiwa, havikutugharimu kitu zaidi ya bando la intaneti. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Sentinel-2, iliyoanza kuruka 2015, inatoa picha ambazo kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni mita 10 ardhini. Umbo la vilima tulilipata kutokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani cha Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Tulilimulika umbo hilo kwenye kompyuta kwa jua la kubuni, kutoka kaskazini, kisha mashariki, kisha kaskazini-magharibi, kwa sababu mstari unaofuata njia ya mwanga haupati kivuli na jicho linauruka. Watu wawili walichora mistari kila mmoja peke yake, bila kuoneshana. Tulipolinganisha, ilikuwa aibu. Mistari mingi aliyoiona mmoja, mwenzake hakuiona kabisa. Tukabakisha ile waliyokubaliana.

Upande wa madini tulitumia pia picha za ASTER, kamera iliyo kwenye setilaiti ya Terra iliyorushwa 1999, ambazo zina mikanda ya mwanga usioonekana kwa jicho. Ulanga na udongo wa mfinyanzi hufyonza mwanga huo karibu na mikromita 2.2, na alama hiyo huonekana pichani kama doa. Ila tusidanganyane. Vihisi vya mikanda hiyo viliharibika 2008, hivyo tunatumia picha za kabla ya hapo. Spodumeni, jiwe la lithi linalotafutwa na dunia nzima, halina alama hiyo. Tunachokiona ni jirani zake. Na mshipa wa pegmatiti wenye unene wa mita tatu, ndani ya pikseli ya mita 30, umemezwa na majani, udongo na kivuli cha mbuyu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nikiri kosa letu kubwa, maana ndilo lililotufundisha zaidi ya picha zote.

Kwenye picha ya mwezi wa tisa, wakati nchi yote ya Ugogo ni ya kahawia, tuliona mstari wa kijani umenyooka kuliko yote. Tulifurahi. Vitabu vinasema ufa hushika maji chini, na mimea juu yake hubaki kijani kiangazi. Programu ya kuchora mistari nayo iliuchora bila kusita. Tulibeba dira, nyundo na maji, tukaufuata kwa miguu siku mbili. Siku ya pili alasiri tukamkuta mzee mmoja anachunga. Tukampa shikamoo, akaitikia, akauliza, "Wajukuu zangu, mbona mnatembea na ua wa watu?" Tulikuwa tumefuata minyaa. Minyaa haipukutishi, inabaki kijani mwaka mzima. "Baba yangu ndiye aliyeipanda," akasema, "ng'ombe wasiingie shambani." Mzee huyo yumo ukumbini leo, nasi tunamshukuru kwa maziwa aliyotupa na kwa kuwa hakutucheka mpaka tulipoanza kucheka wenyewe.

Kutoka hapo tulijiwekea sharti: mstari wa kijivu haugeuki mwekundu mpaka mtu asimame juu yake, aone mwamba uliosagika au uso uliokwaruzwa, na kuandika mwelekeo wake kwa dira. Ndiyo maana myekundu ni michache.

Kuna mtego wa pili, mgumu kuliko minyaa. Dodoma imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Ukielekea Manyoni unaliona genge la Bahi limesimama kama ukuta, na karibu na Hombolo penyewe upo ufa wa aina hiyo. Hizi ndizo nyufa zinazoonekana vizuri kuliko zote kutoka angani, na umri wake ni mdogo mno, wakati pegmatiti zilikwisha kuganda na kupoa mamia ya mamilioni ya miaka kabla hazijakuwepo. Ufa uliozaliwa juzi hauwezi kuwa ndio uliompitisha msafiri wa zama zile. Kompyuta haijui umri. Kwake mstari ni mstari. Lakini hatukuweza kuzifuta nyufa hizi ramanini kwa mkupuo, kwa sababu ufa mpya hupenda kufuata kovu la zamani. Baadhi yake huenda zimelala juu ya njia zile zile za kale. Tumezipa mstari wa nukta nukta, na kusema kweli hapo ndipo tulipokwama.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tunahangaika na mawe ya lithi wakati dhahabu ipo. Jibu letu ni Manono, kule mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, mji wa Waswahili wenzetu. Wabelgiji walichimba bati huko miaka mingi kwenye pegmatiti ndefu zaidi ya kilomita kumi, na spodumeni ikatupwa pamoja na mabaki. Leo watu wanarudi kupima mabaki yale.

Pamoja na hayo, Mheshimiwa, tuna maombi. La kwanza ni kuruhusiwa kuziona ramani na ripoti za zamani za eneo hili zilizo kwenye maktaba ya taasisi. Tunaamini wapo waliopita kabla yetu na dira tu mkononi, wakazichora nyufa tunazobishania sisi na setilaiti zetu. La pili ni kupimiwa sampuli 20 maabara. Wenzetu wengine wangeomba ile bunduki ya kupimia madini kwa eksirei, nasi tungeipokea kwa mikono miwili, ila haipimi lithi. Ni elementi nyepesi mno kwake. Tunahitaji maabara. La tatu ni mtaalamu mmoja, hata kwa siku moja, asimame nasi kwenye mistari ya nukta nukta atuambie ni kovu au ni kidonda kipya.

Kabla hujaondoka tutakukabidhi kipande cha jiwe tulichookota Hombolo. Kigeuze taratibu juani: magamba yale madogo ya zambarau ni lepidoliti, ulanga wenye lithi. Na kwenye ramani utaona tumeuacha ule mstari wa minyaa, kwa rangi ya kijani, na jina la mzee pembeni, kwa idhini yake.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.