Risala ya Kikundi cha Watafsiri kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Hazina ya Istilahi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti,
Wakufunzi wetu,
Wageni waalikwa na watafsiri wenzangu,

Kwa niaba ya wanakikundi nakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Tunajua meza ya mhariri wa kamusi haikosi miswada, na kila saa unayokaa nasi kuna herufi inakusubiri. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hazina ya istilahi, yaani ya maneno ya kitaalamu, unayotuzindulia leo chanzo chake ni aibu. Tulipokea mkataba mrefu wa mkopo, tukaugawana watu wanne ili tuiwahi tarehe. Mmoja alikuwa na daftari lake la maneno, wa pili jedwali kwenye kompyuta, waliobaki walitegemea kichwa. Tulipounganisha vipande, mtu aliyeahidi kulipa deni mkopaji akishindwa alikuwa "mdhamini" mwanzoni, "mfadhili" katikati na "mwenye dhamana" mbele kidogo. Katika kipande cha mwisho "mdhamini" akarudi tena, safari hii akiwa mtu anayeshika mali kwa niaba ya wengine. Mteja aliuliza swali moja tu: hawa ni watu wangapi? Tulitazamana. Kazi ikarudi yote.

Kamusi hazikutupungukia. Za mtandaoni tulifungua nyingi, kila mmoja yake, na ndizo zilizotupatia majina yote hayo. Kamusi huanza na neno, ikakupa maana zake. Hazina ya istilahi huanza na dhana, ikaipa jina katika kila lugha. Njia hii aliitilia mkazo mtaalamu wa istilahi Eugen Wüster wa Austria katika karne ya 20, na benki kubwa za istilahi huifuata. Sisi tulijifunza kwa kupekua mbili: UNTERM ya Umoja wa Mataifa, yenye lugha sita rasmi za umoja huo, na IATE ya Umoja wa Ulaya, yenye lugha rasmi 24, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007. Kiswahili hakimo katika lugha hizo, lakini fasili zimo. Ukishaielewa dhana, kutafuta jina lake huwa kazi nyepesi. Tulichokipenda zaidi kule IATE ni nyota zinazoonyesha istilahi inaaminika kiasi gani. Kamusi ngapi hukwambia kwamba jambo hili zenyewe hazina uhakika nalo?

Kwa hiyo kila ingizo letu lina uga (taaluma inamotumika), fasili, istilahi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, sentensi ya mfano, chanzo, na hali yake: inapendekezwa, inakubalika au isitumike. Hiyo "isitumike" ndiyo iliyotufaa kuliko zote. Chukua "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi". Zote zimo chini ya ingizo moja, na tumependekeza ya kwanza. Hatukuzifuta nyingine, kwa sababu nyaraka za zamani zinazo, na anayezitafuta lazima afike. Mjadala huo ulitumaliza alasiri nzima, na yuko mwenzetu mmoja, amekaa safu ya pili, ambaye hadi leo hajakubali.

Tatizo ambalo hatukulitarajia lilitoka kwenye viambishi. Tunapotafsiri kutoka Kiswahili, programu tunayotumia husoma matini na kutuonyesha istilahi zilizomo katika hazina. Tuliingiza "mdhamini", matini ikasema "wadhamini", programu ikapita kimya kama haijaona kitu. Inavumilia neno likibadilika mwishoni, na lugha yetu hubadilika mwanzoni. Sasa kila nomino tunaiandikia ngeli, umoja na wingi ndani ya ingizo lile lile. Vitenzi bado vinatusumbua, na hatuna dawa yake.

Mengine nitayapitia haraka. Hazina huhifadhiwa pia katika muundo wa faili za istilahi uitwao TBX, ambao ni kiwango cha kimataifa ISO 30042, ili siku tukibadilisha programu tusianze kunakili upya. Kila mwanakikundi anaweza kupendekeza, ila wanaoidhinisha ni wawili tu. Na hakuna anayeruhusiwa kubandika matini ya siri ya mteja kwenye zana ya bure ya mtandaoni, hata kama anatafuta neno moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi zikifika hapa huomba kompyuta. Zetu zinatosha. Maombi yetu ni mawili. La kwanza, utupitishie macho maingizo ya sheria na fedha ambayo bado yameandikwa "yanasubiri", hasa yale yanayohusu dhamana. Neno hilo limetushinda, kwani mahakamani lina maana yake, benki yake, na ofisini huwa ni wajibu tu. La pili, utusaidie kuwashawishi wanaotupa kazi wakubali muda wa kuandaa istilahi uhesabiwe kabla ya tafsiri kuanza. Kwa sasa tunaifanya usiku, na ingizo la saa saba za usiku tunalijua asubuhi kwa fasili yake iliyokatika katikati ya sentensi.

Kompyuta iliyo mbele yako imefunguliwa kwenye ingizo la "mdhamini". Tunakuomba ubonyeze kitufe cha kuidhinisha, au ulikatae mbele yetu ukitueleza kwa nini.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi